Ndefu ya Saba

Leo asubuhi niliamka na mikono ya kijana. Si mara ya kwanza. Katika nyumba hii mtu hulala na umri mmoja akaamka na mwingine, na asiyezoea hupiga kelele. Mimi nilizoea zamani, au nitazoea baadaye, sina hakika. Niliitazama mikono ile juu ya shuka, laini, haina hata mshipa mmoja uliotutumka, nikajiambia afadhali, maana leo ni siku ya kuulizwa na mikono ya kijana haitetemeki. Nilijidanganya. Ilitetemeka mpaka chai ikamwagika mkekani.

Naitwa Fundi Chande na kazi yangu ni kusugua. Bwana Mdoe, mwenye nyumba, ana silaha elfu moja na mia tatu: majambia, panga, ngao za ngozi ya kiboko, magobori, pinde na podo zake, mikuki ya kila kimo. Zote hizo ni mimi ninayezitoa kutu, ninayezipaka mafuta ya ufuta, ninayezirudisha ukutani. Vyumba vya nyumba havihesabiki, wala si kwa wingi wake. Ukivihesabu unapokwenda ni tisa, ukivihesabu unaporudi ni kumi na vinne, na kimoja kati ya hivyo hujawahi kukitia mguu. Saa ya ukumbini inasema saa nne kamili tangu nilipoajiriwa. Niliwahi kumwomba Bwana Mdoe ruhusa niitengeneze. Akaniambia, "Hiyo inakwenda sawasawa, Chande. Sisi ndio tumechelewa."

Bwana Mdoe hukusanya kwa njia moja tu: hununua kwa walioshindwa. Aliyeshinda hauzi silaha yake. Huitundika juu ya mlango na kuwasimulia wageni mpaka wageni wachoke. Aliyeshindwa ndiye anayekuja uani, kitu kimeviringishwa kwenye gunia, macho chini, akitaka kiondoke nyumbani kwake kabla watoto hawajauliza ni cha nini. Kwa hiyo nyumba nzima imejaa aibu za watu wengine, zimetundikwa kwa mstari ulionyooka, na mwenye nyumba ni mtu ambaye hajawahi kumpiga mtu kofi. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi nikiwa na kitambaa mkononi. Silaha ni ya nani? Ya aliyeifua, ya aliyeishika, ya aliyechomwa nayo, au ya huyu anayeipa namba na kuiwekea kadi? Mimi ninayeisugua simo hata kwenye swali. Ndivyo nilivyodhani, na dhana hiyo ilinifanya nilale vizuri.

Sasa silali. Silali kwa ajili ya Ndefu.

Ndefu ni silaha ya walinzi wa lango. Ni mti uliopita kimo cha mtu kwa dhiraa mbili, na juu yake chuma kizito chenye mambo matatu: shoka upande mmoja, kulabu upande wa pili, na ncha ya mkuki katikati. Chini kitako kimevishwa pete ya shaba. Zilikuwa kumi na mbili, kwa walinzi kumi na wawili wa Lango la ngome, na kila pete ilikuwa na mistari kulingana na nafasi ya mlinzi. Hii iliyokuja kwetu ina mistari saba. Nyingine zote ziliyeyushwa, zikawa nondo za madirisha ya Baraza la wazee wa mji. Hii ya saba ilikutwa kwa muuza vyuma chakavu, ikishikilia kamba ya kuanikia nguo, na wakala wa Bwana Mdoe akaileta ikiwa na suruali bado inaning'inia.

Kila mtu katika mji huu anajua habari ya Siku ya Lango, na hakuna anayejua ilikuwa lini. Wengine wanasema babu zetu walikuwapo, wengine wanasema tulikuwapo sisi. Watu walikwenda langoni. Wengine husema walikwenda kuomba maji, wengine husema walikwenda kurudisha ufunguo uliookotwa. Ndani ikatoka amri: "Shusheni!" Walinzi wakashusha, na watu wakafa. Lakini waliokuwa mbele, wale waliopona, waliapa kwamba katika vumbi lile walihesabu vyuma kumi na kimoja vikishuka. Kimoja kilibaki juu. Mlinzi mmoja alikataa. Yupi, hawakumwona, na wote kumi na wawili walipoulizwa walisema, "Ni mimi."

Mji ukafanya nini? Ukatunga sheria, na sheria yetu ni ndogo mno hata mgeni hawezi kuiona. Hatuwafungi watoto wa walinzi, hatuwafukuzi, tunanunua kwao na tunawauzia. Salamu yao tu ndiyo hatuijibu. Mtoto wa mlinzi akisema shikamoo, unatazama pembeni mpaka ipite. Anayejibu anahesabiwa mmoja wao, yeye na kizazi chake. Baraza lilisema hivi: siku atakapojulikana yule aliyekataa, ukoo wake utajibiwa, na kitabu chenye majina ya wale kumi na mmoja kitafungwa, wasijibiwe mpaka Kiyama. Mpaka ajulikane, familia zote kumi na mbili zinangoja. Ni sheria ya haki, tuliambiwa, kwa sababu haimwonei yeyote kuliko mwingine.

Na njia ya kumjua ipo, kila mtoto anaifahamu. Mlinzi aliyesimama wima hushika mti usawa wa kifua. Miaka ikipita, jasho la viganja huutia weusi pale. Alama hiyo wote walikuwa nayo. Lakini anayeshusha hupeleka mkono mmoja chini, karibu na kitako, apate nguvu, na kiganja chenye jasho huacha weusi wake pale. Ukikuta weusi chini, huyo alishusha. Usipokuta, ndiye. Basi mji mzima ulisubiri Ndefu moja ipatikane, tuangalie chini ya mti.

Ikapatikana. Ikaletwa kwangu.

Nikaisugua.

Kosa langu ni kosa la fundi hodari. Fundi mvivu angeiegemeza ukutani akaenda kula. Mimi ni mtu wa sifa. Kitu kikiingia kwangu kichafu hakilali hivyo, na hata wageni wa Bwana Mdoe husema, mikono ya Chande inafufua. Sikuuliza ni nini, niliona mti umeshika uchafu, nikachukua msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, kisha kitambaa. Nilikuwa nikipiga mluzi. Nilipomaliza, ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, kuanzia chumani hadi kitakoni. Ndipo nilipogeuza pete ya shaba kuisafisha, nikahesabu mistari, moja, mbili, tatu, nikafika saba, na mluzi ukanikauka mdomoni.

Tangu siku hiyo mimi ni mkubwa. Watu ambao walikuwa hawajui jina langu wananiamkia toka mbali. Kwa kuwa mti umeshakuwa mweupe, shahidi ni mmoja duniani, yule aliyeuona kabla. "Fundi ameona," wanasema. "Fundi anajua." Na mimi nilinyamaza kwa namna ya mtu anayejua. Ilikuwa rahisi ajabu. Nilikuwa nadhani mwenye nguvu ni yule aliyeshika kitu, kumbe ni yule aliyeshika kitu kisichoweza kukaguliwa. Usiku wa kwanza niliupenda ukubwa huo. Wa pili nikaanza kukumbuka. Nilikumbuka weusi chini, wazi kabisa, umbo la vidole vinne. Kesho yake nikakumbuka hapakuwa na kitu. Siku iliyofuata nikakumbuka kwamba aliyekuwa akisugua alikuwa mtu mwingine, mzee, na mimi nilikuwa mti. Kila kumbukumbu ilikuja imevaa vizuri, inaaminika, na kila moja ilikuwa ya uongo. Ukweli ni mfupi. Sikutazama.

Niliomba nife kabla ya Baraza kuja, na wala sioni haya kuliandika hilo.

Bwana Mdoe alikuja karakanani kwangu baada ya chai, ameshika kadi mpya. Ni mtu mwembamba, mpole, anayenukia karafuu, hajawahi kunipandishia sauti.

"Chande," alisema, "wazee wanafika leo saa nne."

"Saa nne ndiyo hii, bwana."

"Basi wako njiani." Akaitazama Ndefu niliyoisimamisha kwenye kona, akaitazama kwa njaa. "Nina silaha elfu moja na mia tatu na zote zina hatia. Nimelala nazo maisha yangu yote. Nataka moja tu iliyokataa. Moja, Chande. Nikifa nizikwe karibu nayo."

Akanionyesha kadi. Mwandiko wake ni mzuri sana. Ilisema: *Silaha isiyo na hatia.*

"Hujaniuliza nimeona nini, bwana."

"Wala sitakuuliza," akasema, akaiweka kadi mezani taratibu, akaondoka. Nilibaki nikisikiliza ndara zake zikipita vyumba vingi kuliko vile vinavyoweza kuwepo.

Kisha akaingia mwanamke. Ni Zena, binti wa Ndaro, na Ndaro ndiye aliyekuwa mlinzi wa saba. Nilikuwa namjua kwa kumwona. Hubangua korosho kwenye mabanda ya bondeni, yeye na mabinti wa walinzi wengine, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo watu wanaojibiwa hawaitaki. Mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi na kuitia weusi usiotoka. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, viganja vyake vyeusi hadi vifundoni, bado vinanata.

"Shikamoo, fundi."

Nikatazama dirisha mpaka ikapita. Alingoja kidogo, kama wanavyongoja wote, halafu akavuta kigoda akaketi.

"Sikuja kukusumbua," alisema. "Nimekuja kabla yao ili nisisikie mbele yao. Nikisikia mbele yao nitalia, na sitaki wale waone machozi yangu."

"Bi Zena—"

"Ngoja nikueleze. Nina mtoto, ana miaka mitatu. Wiki iliyopita kajifunza kusema shikamoo. Sasa hakamatiki! Anakimbia njiani anamwamkia kila mtu, mpaka mbuzi. Anarudi ananiambia, mama, hawasikii. Nikamwambia sema kwa nguvu. Jana alisimama mbele ya duka akapiga ukelele, shikamooo, mpaka sauti ikakatika, na watu wazima kumi wakatazama sukari. Mimi nilipokuwa mtoto niliacha nikiwa na miaka minne. Mama anasema siku niliyoacha ndiyo aliyolia, si siku zile nilizokuwa nasema. Basi niambie, fundi. Chini palikuwa na weusi au hapakuwa na weusi?"

Mikono yangu ilikuwa imezeeka ghafla. Niliona madoa yake. Nilikuwa na hofu ya mtu anayeshuka ngazi gizani na hajui kama imebaki moja. Jibu lilikuwa rahisi. Bwana wangu analitaka, mama huyu analitaka, mtoto pale dukani analitaka. Kumfurahisha kila mtu kwa neno moja, nani hupewa nafasi hiyo? Nikafungua kinywa nikasikia kinasema kingine.

"Sikutazama."

"Nini?"

"Nilisugua tu. Niliona uchafu nikasugua. Nilipojua ni nini, palikuwa peupe. Sijui chochote, Bi Zena. Sijawahi kujua."

Hakupiga kelele. Uso wake ukawa mgumu.

"Mji mzima umengoja," alisema polepole, "halafu wewe ulikuwa unang'arisha."

"Ndiyo."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo." Na kwa kuwa sikuweza kuvumilia macho yake, nikasema lile nililokuwa nimeliogopa wiki nzima. "Lakini hakuna mwingine anayejua kwamba sijui. Nitawaambia hapakuwa na kitu chini. Nitaapa. Leo leo utajibiwa, wewe na mtoto wako."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Na Somoe?"

"Somoe nani?"

"Binti wa mlinzi wa tatu. Tumekaa gunia moja miaka ishirini, tunabangua. Nikiungua vidole ananilisha. Nikijibiwa mimi, kitabu chake kinafungwa, si ndiyo? Cha kwake na cha wale wengine kumi. Mtoto wake naye yuko kwenye umri huo huo."

Sikuwa nimemfikiria Somoe. Ndiyo tabia ya uongo wa huruma, huwa na chumba cha mtu mmoja tu. Zena akainuka, akaenda kwenye kona, akaiangalia Ndefu kuanzia chini mpaka juu. Shingo yake ikapinda nyuma kutafuta ncha.

"Baba aliishikaje?"

"Wima. Mikono miwili kifuani. Na kitako hakigusi ardhi, hiyo ilikuwa amri yao. Kikigusa, mlinzi anaadhibiwa."

"Siku nzima?"

"Toka alfajiri."

Akaishika. Viganja vyake vilinasa kwenye mti mweupe, akauinua vidole vinne kutoka sakafuni, akasimama kama walivyosimama wao. Sikumkataza. Sikujali hata alama za mafuta. Kazi yangu ilikuwa imeshaharibika kwa kufanywa vizuri.

Safari hii nilitazama.

Nikamwona akiwa mwanamke wa korosho, kisha vumbi la jua kutoka dirishani likamjaa, nikamwona mwanamume mwenye kilemba cha walinzi, kisha msichana, kisha mtu ambaye hajazaliwa. Wote walikuwa wamesimama. Saa ukumbini ilisema saa nne, na saa nne ya nyumba hii ni ndefu, mtu anaweza kuota mvi ndani yake. Nikaona bega lake la kulia linaanza kutetemeka. Chuma cha juu ni kizito, kilifuliwa makusudi kiwe kizito, kinataka kushuka; mwenye kukisimamisha ndiye anayepigana nacho kila nukta, na hakuna anayemwona akipigana, kwa sababu ukimwangalia unamwona mtu aliyetulia. Nikawaza, kumbe utulivu wote wa langoni ulikuwa jasho. Nani amemshika nani hapa? Mtu amekamata mti, au mti umekamata mtu na unasubiri achoke? Amri huenda ilikuja baadaye. Huenda aliyepiga kelele "Shusheni!" alikuwa ameona vimeshaanza kushuka, akataka vionekane vimemtii.

Ncha ikayumba. Ikaelekea upande wangu. Shoka lilikuwa juu ya utosi wangu na miguu yangu haikujua la kufanya.

Zena akatoa sauti kooni. Mkono mmoja ukabaki kifuani, mwingine ukakimbilia chini kabisa, karibu na pete ya shaba, ukakaba. Mti ukasimama. Chuma kikabaki kinatikisika hewani, shibiri moja kutoka kichwani kwangu. Akakirudisha juu, polepole, meno yamebana, akaegemeza Ndefu ukutani, akaanguka kwenye kigoda.

Tukautazama mti. Kifuani palikuwa na viganja viwili vyeusi. Chini, karibu na kitako, palikuwa na kimoja, vidole vinne na gumba, wazi kabisa.

"Sikushusha," alisema Zena, anahema. "Fundi, umeona. Nilikuwa naizuia."

"Nimeona."

"Nilikuwa naizuia isikuue." Halafu nikaona jambo lile likimfika, likapita usoni mwake kama kivuli cha wingu. "Basi hata ungetazama..."

"Hata ningetazama."

"Aliyeshusha ana weusi chini. Na aliyezuia ana weusi chini."

Nikakaa sakafuni. Nilisikia hasira ambayo sijawahi kuisikia, hasira ya mtu aliyetunza ufunguo wa mlango usiokuwapo. Mji mzima umefundisha watoto kusoma alama ile. Tumeacha watu wakue, waoe, wazeeke, wafe bila kujibiwa, tukingoja mti uje utuambie, na mti haukuwa na la kutuambia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuushika kwa robo saa.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Baraza likaingia.

Walikuwa watatu, na Bwana Mdoe nyuma yao. Aliyewaongoza ni Mzee Mbwera, mtu mnene, mwenye heshima zake, ambaye ndiye anayetunza kitabu; alikiweka mezani alipoingia. Wenzake wawili siku zote hutembea nusu hatua nyuma yake.

"Shikamooni," alisema Zena, akiinuka.

Watatu wakatazama pinde ukutani mpaka ikapita. Kisha macho ya Mzee Mbwera yakaangukia Ndefu, yakateremka, yakafika chini, yakasimama.

"Mbona mlituambia imesuguliwa?" akasema. "Weusi huu hapa. Alishusha." Akageuka kwa wenzake. "Andikeni. Ndaro alishusha."

"Siyo wake!" nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Mzee, mimi sikutazama wakati ule, nakiri mbele yenu, sijui Ndaro alifanya nini. Hizo alama ni za huyu bibi, sasa hivi. Ilikuwa inaniangukia akaizuia."

Bwana Mdoe akafumba macho. Wenzake Mzee Mbwera wakatazamana.

"Akaizuia kwa kushika chini?" aliuliza Mzee Mbwera, na akatabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mlevi. "Fundi, anayeshika chini hushusha. Hilo hata mwanangu mdogo analijua."

"Ishike, mzee," alisema Zena.

"Mimi si askari, binti."

"Ishike tu. Kifuani, na kitako kisiguse chini. Kisha utaandika utakalo."

"Ishike, Mzee Mbwera, tumalize," alisema mmoja wa wale wawili. "Saa imekwenda."

Akacheka, akakunja mikono ya kanzu, akaichukua. Mwanzoni alisimama vizuri, kifua mbele, akatugeukia kama anapigwa picha. Akaanza hata kutueleza jinsi babu yake alivyokuwa na mkuki. Katikati ya habari ya babu, maneno yakapungua. Jasho likamtoka masikioni. Ncha ikayumba, ikaelekea kwa wenzake, na wale wakarudi nyuma wakagonga ngao zikalia. Mzee Mbwera akatoa mguno, na mkono wake, ambao haujawahi kufundishwa, ukakimbilia chini kwenye kitako, ukakaba.

Mti ukasimama. Hakuna aliyeumia.

Akaniachia nikaupokea kwa kitambaa changu. Alikuwa akihema, anatabasamu kwa fahari ndogo ya mtu aliyeokoa jambo, mpaka alipotazama viganja vyake. Mafuta ya Zena yalikuwa mabichi bado. Vilikuwa vyeusi.

"Nipeni maji," alisema.

"Hayatoki kwa maji," alisema Zena.

"Sabuni, basi."

"Hata sabuni. Mpaka ngozi ibambuke."

Akavipangusa kwenye kanzu, na kanzu ikachafuka. Akawageukia wenzake. "Mmeona, sivyo? Nilikuwa naizuia."

Wale wawili walikuwa wanatazama pinde.

"Nyinyi! Nasema nilikuwa naizuia. Ilikuwa inawaangukieni nyinyi!"

Mmoja akachukua kitabu mezani, akakibana kwapani. Wakatoka, na nikaona walivyopita mlangoni, ubavu kwa ubavu, hakuna aliyekuwa nyuma ya mwingine. Mzee Mbwera alibaki katikati ya chumba, mikono ameishikilia mbali na mwili wake. Alikuwa anaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mnene akiogopa hivyo.

"Bwana Mdoe," akasema kwa upole, "hujambo, lakini?"

Bwana Mdoe akainama kuichukua kadi yake, akawa anaisoma, ingawa ni yeye aliyeiandika.

"Fundi. Habari za hapa?"

Na mimi, Mungu anisamehe, niliyetoka kusema ukweli wangu muda huo huo nikajiona shujaa, nilisikia neno limefika kwenye ulimi, nikakumbuka kwamba anayejibu anahesabiwa, na nikatazama dirisha. Nilingoja ipite. Haikupita.

"Nzuri, mzee," alisema Zena. "Shikamoo."

Mzee Mbwera akamtazama. Akatazama mlango walimopita wenzake, kisha mikono yake, kisha tena yule mwanamke wa korosho aliyesimama mbele yake bila haraka yoyote. Midomo yake ilijaribu mara mbili.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu." Akatafuta kigoda kwa mguu, akaketi. "Huyu Ndaro, baba yako. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Zena hilo, na nilimwona akitafuta pa kuanzia.

"Alikuwa akiimba vibaya," alisema, akaketi sakafuni karibu naye. "Mtaa mzima walikuwa wanamnyamazisha."